Damu ya Wenye Matumaini

Siku yangu ya kwanza kazini nilizimia. Nilikuwa nimeajiriwa na hospitali ya misheni kwenye mteremko wa mlima, kati ya Embu na Meru, kazi yangu ikiwa kuwatoa watu damu ya kuwekewa wagonjwa. Mtu wa kwanza alipotolewa damu mbele yangu, nilianguka kama gunia la viazi, na yeye ndiye aliyeshuka kitandani kunishika. Nawaandikia haya ninyi vijana mliobaki na kazi hiyo, kwa sababu siku ya kuniaga mlisifu sana mkono wangu mtulivu, na sikutaka kuiharibu keki kwa kuwaeleza ulikotoka.

Ulitoka kwa Mama Njeru. Alikuwa mwanamke wa Embu, mnene, mwenye kuvaa viatu vya kiume, na alikuwa amewatoa damu nusu ya watu wa wilaya kabla mimi sijamaliza shule. Aliponimwagia maji usoni hakuniuliza kama niko sawa. Alisema, "Umeamka? Haya, shika mkono wa huyu baba." Alinifundisha kutafuta mshipa nikiwa nimefumba macho, kwa ncha ya kidole, kwa maana macho hudanganywa na ngozi lakini mshipa mzuri hurudisha kidole. Alinifundisha kuutikisa mfuko taratibu unapojaa ili damu isigande. Na alinifundisha wakati wa kuchoma sindano. "Muulize ng'ombe wake anatoa maziwa kiasi gani," alisema. "Akianza kudanganya, choma. Saa hiyo akili yake yote iko kwa ng'ombe."

Ushauri huo haukuwahi kuniangusha, na nitaeleza kwa nini kwa faida ya wale mliotoka mbali. Huku kwetu mtu hakubali hadharani kwamba mambo yake ni mazuri. Muulize mkulima habari za shamba, atakuambia mvua imemwangusha, hata kama amesimama katikati ya mahindi yaliyompita kichwa. Msimwone mwongo. Anajikinga. Kila kanisa lina paa linalovuja, kila shule inataka maabara, na kila kamati ya harambee inatembea na kadi za mchango mfukoni ikimtafuta mgeni wa heshima. Mtu akitamka mbele za watu kwamba mwaka umekuwa mzuri, kadi itamfikia kabla hajafunga mdomo. Kwa hiyo tunalalamika. Tunalalamika kwa bidii, na aliyejenga ghorofa hulalamika kuliko wote.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko ofisi niliyopewa pamoja nacho. Nitasema kidogo juu ya vifaa, maana mnavyo vizuri zaidi na mnavilalamikia zaidi. Tulikuwa na vitanda viwili vya kukunjwa, kimoja kikijikunja chenyewe mtu akiwa juu yake. Mpira wa kufungia mkono tuliukata kutoka kwa tyubu ya baiskeli. Na tulikuwa na chupa ya maji ya buluu, ambayo ndiyo niliyoipenda kuliko vyote. Unamchoma mtu kidole, unadondosha tone moja la damu yake ndani ya yale maji. Likizama, damu yake ni nzito, anaweza kutoa. Likielea, damu ni nyepesi, mpe soda na umwambie ale maini na mboga za kienyeji. Yale maji hayakumjua mzee wa kanisa wala mlevi, na kwa sababu hiyo niliyaamini kuliko watu wengi niliofanya nao kazi.

Mama Njeru alistaafu akaniachia chupa. Nikabaki na dereva, Nyaga, kijana wa Embu mpole sana, aliyeendesha gari la hospitali kama amebeba mayai hata likiwa tupu. Tulizunguka Gachoka, Timau na Maua, tukitandika vitanda kwenye baraza za maduka na nyuma ya makanisa. Maua tulikuwa na mteja wetu mkubwa, Mzee Kaberia, mfanyabiashara wa miraa. Kundi lake la damu lilikuwa lile adimu linaloitwa O hasi. Huku kwetu unaweza kutoboa vidole vya soko zima usilipate. Alikuwa akitoa damu kila tulipokwenda, huku akilia kwamba miraa imekufa, na nyuma yake wajenzi wake wakipaka rangi nyumba.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka tulipoletewa msimamizi mpya wa hospitali, Bwana Mugambi.

Sitamsema vibaya. Alikuwa mtu mwema, aliyewahi kufundisha Kiingereza, na sikio lake la kushoto lilikuwa limeacha kazi kabla yake. Ugonjwa wake ulikuwa kamusi. Alikuwa na kamusi moja kubwa ya Kiingereza inayoeleza kila neno lilizaliwa wapi na lilipitia kwa nani, na kila Jumatatu baada ya sala ya asubuhi alitusomea neno moja. Wapishi, wauguzi na walinzi, sote tulikaa kwenye mabenchi ya kanisa dogo la hospitali tukijifunza asili ya maneno ambayo hatukuwa na haja nayo. Jumatatu moja akaja na neno "sanguine".

"Waingereza," alisema, "humwita hivyo mtu anayetarajia mema. Mtu mwenye matumaini. Lakini mnajua neno hili limetoka wapi? Limetoka kwa damu!"

Akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama.

Akaeleza, na lazima niseme alieleza vizuri. Waingereza walilichukua neno kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, ambako damu ni "sanguis". Kwanza lilikuwa jina la rangi tu, wekundu kama wa damu. Kisha likahusu mtu mwenye mashavu mekundu. Kwa maana waganga wa kale wa Ulaya waliamini mwilini mna maji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Aliyezidiwa na kohozi alikuwa mzito wa kuamka. Mwenye nyongo ya manjano alikuwa na hasira. Mwenye nyongo nyeusi alikaa akihuzunika. Bali aliyejaliwa damu nyingi alikuwa na mashavu mekundu, mchangamfu, akiitazama kesho kama mtu aliyealikwa karamuni. Miaka ikapita, damu ikasahauliwa, mashavu yakasahauliwa, yakabaki matumaini peke yake.

Akafunga kamusi na kuanza kutugawa. Mpishi mkuu alikuwa kohozi. Mhasibu alikuwa nyongo nyeusi. Mimi alinipa nyongo ya manjano, mbele ya walinzi, nikakasirika, akasema, "Mnaona?"

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kulimeza. Nilisimama nikasema, "Bwana Mugambi, kama damu ndiyo matumaini, basi mimi na Nyaga tunazunguka tukiwaibia watu matumaini yao?"

Nilitaka wacheke, na walicheka. Lakini yeye hakucheka. Aliikumbatia kamusi kifuani. Mchana akaniita ofisini, uso umemwiva kwa furaha. "Sista Kagendo," alisema, "umefumbua jambo kubwa. Tumekuwa tukichukua damu kwa watu waliokata tamaa, ambao hawana ya kutosha. Ndiyo maana friji yetu haijai! Kuanzia leo tutachukua kwa wenye matumaini tu. Hao wana ziada."

"Na tutawajuaje? Mashavu yetu hayageuki mekundu."

"Tutawauliza," akasema. "Tutamuuliza kila mtu, kesho unaionaje?"

Nilimwambia tuna maji ya buluu. Akasema maji ya buluu hupima mwili. Nilimwambia hao waganga wa kale, wagonjwa wao wengi walikufa. Akasema wa leo pia hufa. Ili nisifanye ujanja, akaichukua mifuko yote mitupu ya kutilia damu akaifungia ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, ufunguo akauvaa shingoni, na akaanza kusafiri nasi.

Tulianzia Timau. Kule juu upande wa kaskazini wa mlima kuna baridi inayouma meno, na wafanyakazi wa mashamba ya ngano na maua walikuja wamejifunga mablanketi. Bwana Mugambi alikaa kwenye kiti mbele ya kitanda.

"Kesho unaionaje?"

"Baridi," akasema wa kwanza.

"Baridi," akasema wa pili.

Wa tatu alifikiria sana. "Baridi kushinda leo."

Kila aliyeshindwa swali alipewa soda na biskuti kama kawaida, kwa sababu Bwana Mugambi aliona si vizuri mtu aliyekata tamaa aende na njaa. Habari zikaenea haraka. Hata kabla ya saa ya chakula kulikuwa na foleni ndefu ya watu wasioiona kesho kabisa. Mama mmoja alisema kesho haipo. Akapewa biskuti mbili. Tulishuka Timau bila tone, soda zikiwa zimekwisha, na Bwana Mugambi aliniambia njiani, kwa sauti ya huruma, kwamba hakujua nchi ina huzuni namna ile.

Wiki iliyofuata tulikwenda Gachoka, chini kule Mbeere, penye joto na vumbi, na huko alimpata mtu wake. Aliitwa Ireri. Alikuwa mwembamba, koti limemzidi, na alikuja kutuuliza kama tuko na mbegu.

"Kesho unaionaje?" Bwana Mugambi alimuuliza.

"Nzuri sana," akasema Ireri. "Mimi nimepanda mahindi."

Watu waliokuwa barazani waliinamisha vichwa. Gachoka mtu mwenye akili hupanda mtama na ndengu, mahindi hukauka yakiwa urefu wa goti. Lakini Bwana Mugambi alikuwa amesimama.

"Msimu uliopita ulivuna?"

"Hapana."

"Na ule mwingine?"

"Hapana. Hata ule mwingine. Lakini hii ya sasa itakubali tu. Nimejenga ghala ingine."

Bwana Mugambi alimkumbatia. Alivua ufunguo shingoni mwenyewe, akafungua sanduku, akanikabidhi mfuko kana kwamba ni kombe. Nilimchoma Ireri kidole, nikadondosha tone kwenye maji ya buluu. Likaelea. Halikujaribu hata kuzama, lilikaa juu likizunguka polepole. Bwana Mugambi akasema maji yameharibika. Nikadondosha la kwangu, likazama. Nikadondosha lingine la Ireri, likaelea karibu na la kwanza.

"Imeelea?" Ireri aliuliza. "Hiyo ni mzuri, ama?"

Nilimpa soda, biskuti na ushauri wa maini. Alikwenda akiwaambia watu barazani kwamba damu yake haizami. Tulipofika lami Bwana Mugambi akasema, "Ni wazi. Huyu ameitumia yote kutumaini." Nilimtazama Nyaga kwenye kioo nikitafuta mwenzangu wa kucheka, lakini Nyaga hakuwa anacheka. Alisimamisha gari kando ya barabara.

Ndipo akatuambia. Mke wake, Wanja, alikuwa amelazwa hospitalini kwetu usiku uliopita. Walikuwa wamengojea mtoto miaka mingi, na sasa mimba ilikuwa karibu kutimia, lakini kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, mlangoni pa mtoto, na Wanja alikuwa ameanza kutoka damu. Lazima apasuliwe. Daktari alisema hatagusa kisu bila mifuko miwili ya damu mezani, na damu ya Wanja ni O hasi. Usiku ule ule, mimi nikiwa nimelala nyumbani, walikuwa wamewapima ndugu zake wote na nusu ya wafanyakazi. Hakuna aliyefanana naye. Friji ilikuwa na maziwa ya daktari.

"Sasa giza linaingia. Kesho alfajiri twende Maua," nikasema. "Kwa Kaberia."

"Twende," akasema Bwana Mugambi, na macho yake yalikuwa na machozi, maana alimpenda Nyaga. "Na tuombe awe mtu wa matumaini."

Nilimwambia wazi kwamba safari hii hakuna kuuliza swali. Akanishangaa kwa dhati. "Sista, unataka Wanja awekewe damu ya mtu aliyekata tamaa? Wakati huu, akiwa hali hiyo? Ataushikilia uhai na nini?" Alikuwa haoni ujinga wowote. Aliamini kwamba anamlinda, na mtu anayekulinda hivyo huwezi kumwibia ufunguo shingoni bila kupigana naye ndani ya gari, jambo ambalo, niseme ukweli, nililifikiria mpaka tukafika Meru mjini.

Tulifika Maua pikapu za miraa zikiwa zimekwisha kuondoka kwenda Nairobi, soko limetulia, majani ya migomba ya kufungia miraa yametapakaa chini. Mzee Kaberia alikuwa ameketi juu ya gunia nje ya duka lake. Lakini hakuwa peke yake. Kwenye benchi lililomwelekea waliketi shemasi wa kanisa lenye paa linalovuja, mwenyekiti wa shule inayotaka maabara, na mama wa kwaya inayotaka sare. Wote watatu walikuwa na kadi mfukoni. Baadaye niliambiwa walikuwa wakimlinda hivyo tangu siku ile rangi ya nyumba yake ilipokauka.

Bwana Mugambi akamsalimia, akakaa, akauliza kwa upole, "Mzee Kaberia, kesho unaionaje?"

Kaberia akalitazama benchi. Benchi likamtazama.

"Kesho?" akasema kwa sauti ya kusikika. "Hiyo ni mbaya kabisa. Bei imelala. Pikapu imekufa engine. Mimi hata sijui watoto watakula nini."

Bwana Mugambi akainamisha kichwa kama mtu aliyesikia habari za msiba. Nilimvuta Kaberia kando nikamweleza kila kitu, mgonjwa, kondo, daktari, kamusi. Alisikiliza mdomo wazi.

"Sista, damu chukua. Chukua hata figo. Si unanijua? Lakini hiyo maneno mimi siwezi sema hapa."

"Ni neno moja tu, mzee. Useme kesho ni nzuri."

"Na hao?" Akaonyesha benchi kwa kidevu. "Nikisema hivyo saa hii, nimekwisha."

Tukampeleka nyuma ya gari amnong'oneze msimamizi peke yake. Benchi likatufuata. Tajiri akienda nyuma ya gari na watu wa hospitali, hawa walikuwa na hakika huko ndiko pesa iliko. Kaberia akainama akanong'ona. Bwana Mugambi akaweka mkono sikioni.

"Sema kwa sauti, mzee. Sikio hili halisikii."

Kaberia akahamia sikio la pili, shemasi naye akahamia upande ule ule. Wakazunguka gari mara kadhaa, Kaberia akitafuta sikio, shemasi akimtafuta Kaberia, mama wa kwaya akija nyuma na kadi tayari mkononi. Mwenyekiti wa shule, ambaye alikuwa na akili, alizunguka kwa upande wa pili. Nilikuwa nimeshika mpira wa kufungia mkono, sina mkono wa kufunga. Saa zilikuwa zinakwenda, na safari ya kurudi ni milima na kona tupu.

Ndipo Nyaga akashuka kwenye gari. Alivua kofia akasimama mbele ya Kaberia, na kwa kuwa hakuwa na desturi ya kusema, sote tulisimama.

"Mzee," akasema, "huyo mama ni wangu. Ameniambia asubuhi nisichelewe. Sasa mimi sijui nitarudi nimwambie nini."

Kaberia akamgeukia. "Anaitwa nani?"

"Wanja."

"Na mtoto, ni wa ngapi?"

"Wa kwanza, mzee."

Kaberia akashusha pumzi kubwa. Akalirudia gunia lake, akalipanda, akasimama juu yake soko zima likimwona, akapaza sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kwenye kituo cha polisi.

"Kesho ni nzuri!"

Soko likageuka. Mtu aliyekuwa akipima maharagwe aliacha mizani ikining'inia.

"Kesho ni nzuri sana!" Na mtu aliyezuia maneno miaka yote, yakianza kutoka hayazuiliki. "Biashara ni nzuri! Pikapu ni nzima, hata nimeagiza ingine! Ile nyumba ni yangu, yote, mpaka ile ghorofa ya juu! Ng'ombe zangu zinatoa maziwa mpaka tunamwagia paka!"

Mke wake alitoka dukani mbio. "Kaberia! Umerogwa?"

Kadi tatu zilimfikia kabla hajashuka kwenye gunia. Zikafuata nyingine kutoka kwa watu ambao hatukujua wametokea wapi. Mzee mmoja ambaye hakuwa na kadi aliandika kwenye jani la mgomba. Na Bwana Mugambi alikuwa analia waziwazi, akifungua sanduku kwa mikono miwili, akisema, "Mtazameni! Mtazameni mashavu!"

Tone la Kaberia lilizama moja kwa moja mpaka chini ya chupa. Nilimlaza kwenye kile kitanda kizuri, nikafumba macho, nikapata mshipa. Sikuhitaji kumuuliza habari za ng'ombe. Mfuko ukaanza kujaa nami nikiutikisa, na watu wa kamati waliendelea kumwekea kadi kifuani mpaka nikawafukuza kwa lugha ambayo sitaiandika hapa.

"Chukua mbili," Kaberia akaniambia.

"Mtu mmoja ni mfuko mmoja, mzee. Ukizidi nitakulaza wewe."

"Huyo daktari alitaka ngapi?"

"Miwili."

Akageuza kichwa, akanitazama. Nyaga alikuwa amesimama karibu na miguu yake, kofia bado mkononi, naye akanitazama. "Basi hii moja itatosha?" Kaberia akauliza.

Nilikuwa mtu wa vipimo. Kwa miaka mingi sikumwambia mtu neno juu ya damu ambalo sikuwa nimelipima kwanza, na hapo sikuwa na cha kupimia. Nilijua alichosema daktari. Nilijua mfuko mmoja ni mdogo kiasi gani ukiuona karibu na mwanamke anayetoka damu. Niliogopa kuliko siku ile niliyozimia.

"Itatosha," nikasema.

Nyaga hakuendesha kama amebeba mayai siku hiyo. Mfuko ulikuwa kwenye sanduku la barafu katikati ya miguu yangu, na kila baada ya kona aliniuliza, "Sista, itatosha?" Nami nilijibu, "Itatosha," kwa sauti ile ile, mpaka Bwana Mugambi aliyekuwa nyuma akaanza kuitikia pamoja nami kama anaitikia sala.

Daktari alipoona mfuko ni mmoja alifungua mdomo ili aseme, kisha akamwona Nyaga mlangoni, akaufunga. Tukaipima ile damu vipimo vyote, akaingia nayo. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini sisi watatu. Bwana Mugambi hakuwa na kamusi. Tulisikia mtoto kwanza, sauti nyembamba yenye hasira, na hatukufurahi, kwa sababu tulikuwa tunangoja sauti nyingine. Ilichukua muda mrefu. Daktari akatoka na viatu vyake vya mpira, akasema kwa uchovu, "Mama yuko. Ilibaki kidogo, lakini yuko."

Nyaga akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nimeanza kulia na sikutaka Bwana Mugambi anione, ningeulizwa ni maji gani yamenizidi.

"Sista," Nyaga akasema, "ulijuaje?"

"Sikujua," nikasema. "Nyaga, mimi sikujua."

Hakuuachia mkono wangu. "Asante kwa kutoniambia," akasema, akainuka kwenda kumwona mke wake.